Mitaa ya Wapita Njia: Maji na Vyoo katika Historia ya Eastlands

Anayetaka kujua jinsi Nairobi ilivyowaona wakazi wake Waafrika asianzie kwenye sanamu za katikati ya jiji. Aende Kaloleni, Muthurwa, Shauri Moyo au Ziwani, azunguke nyuma ya safu za nyumba, atafute mahali palipojengwa choo, bafu na mfereji wa maji. Nyumba inaweza kupakwa rangi upya, kuongezewa chumba cha mabati, hata kubadilisha wenyewe mara nne. Bomba lililofukiwa hubaki pale mhandisi wa manispaa alipolilaza. Upana wake unaonyesha alidhani ni watu wangapi watakaokaa hapo, kwa muda gani, na wakiwa na maisha ya namna gani.

Kwa sehemu kubwa ya Eastlands ya zamani, alidhani hivi: watakaa wanaume, kila mmoja na kitanda chake, kwa msimu wa kazi, kisha warudi kwao.

Fikra hiyo ndiyo iliyozaa mitaa ya mashariki ya Nairobi, na ndiyo inayoeleza kwa nini mpaka leo maelfu ya watu huamka alfajiri kupanga foleni ya maji katika jiji lenye mabwawa makubwa ya kuwahudumia. Historia ya Eastlands husimuliwa kwa siasa, soka na muziki, na ni haki yake. Lakini chini ya hayo yote ipo historia ya kituo: mahali mtu anaporuhusiwa kutua, anachopewa akitua, na anachogawana na jirani.

Mfano wa wazi kabisa wa maisha ya aina hiyo uko mbali na Nairobi. Uingereza na Wales zina mtandao wa njia za maji zilizochimbwa hasa katika karne ya 18 na ya 19 kusafirishia makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Biashara hiyo ilipokufa, mashua nyembamba zilizobeba mizigo ziligeuka makazi, na leo maelfu ya watu wanaishi ndani yake, wengi wao jijini London. Shirika la Canal & River Trust, lililoanza kazi mwaka 2012, linatunza njia za maji za urefu wa kilomita zipatazo 3,200, na kando yake kuna vituo vya huduma: mfereji wa maji safi, mahali pa kumwaga uchafu wa choo, mapipa ya taka, na penginepo bafu na chumba cha kufulia. Mwenye gati la kudumu hulipia na kutulia. Asiye nalo, kwa sheria ya mwaka 1995, haruhusiwi kufunga mashua mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14. Nyumba ni yake, ila maji, choo na ruhusa ya kukaa viko mikononi mwa mwingine.

Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare, inayopita Eastlands, haibebi mashua. Hata hivyo mpangilio huo, wa mtu kutua kwa muda na kugawana huduma na wengine chini ya masharti ya mamlaka, ndio uliokuwa msingi wa mitaa hii tangu mwanzo wa karne ya 20. Tofauti ni kwamba wenye mashua wengi walijichagulia maisha hayo. Wakazi wa Eastlands walichaguliwa.

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na kituo cha mafundi kikakua upesi kuwa mji. Upande wa magharibi na kaskazini ulikuwa na vilima, miti na udongo mwekundu unaopitisha maji, na huko walikaa Wazungu. Upande wa mashariki ulikuwa tambarare ya udongo mweusi mzito, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, mahali ambapo maji hutuama na shimo la choo hufurika. Ugonjwa wa tauni ulipoingia mwaka 1902, mamlaka ziliiteketeza kwa moto Indian Bazaar, eneo la maduka ya Wahindi. Miaka kumi na kitu baadaye, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu, sababu ikiwa usafi. Ndivyo choo na maji vilivyogeuzwa hoja ya kuwatenga watu, badala ya kuwa huduma ya kuwafikishia.

Shirika la reli ndilo lililokuwa mwajiri mkubwa, nalo lilijenga safu za vyumba vya wafanyakazi wake Muthurwa, karibu na karakana, katika miongo ya mwanzo ya karne hiyo. Vyumba vilipangwa mgongo kwa mgongo kando ya vichochoro, na vyoo vikajengwa peke yake pembeni ili vitumiwe na wote. Kwa mwajiri hesabu ilikuwa rahisi. Kilichojengewa chumba kilikuwa kazi ya mtu, si mtu mwenyewe. Siku kazi ikiisha, chumba kinarudi kwa shirika. Mke na watoto hawakuwa kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo hawakuwa kwenye hesabu ya mabomba pia.

Kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, kile cheti cha kuandikishwa kilichoonyesha ameajiriwa na nani. Kuwa mjini bila kazi ilikuwa kosa. Sheria hii na ramani ya mabomba vilisema jambo lile lile kwa njia mbili: Mwafrika amekuja Nairobi kupita tu.

Lakini watu walikuwa wameshaanza kukaa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Nairobi ilikuwa na vijiji vyake vya Waafrika: Pangani, Kaburini, Maskini, na kimoja kilichoitwa Mombasa. Wengi wa wakazi wake walikuwa Waislamu, askari wa zamani, wapagazi wa misafara, wafanyabiashara wadogo na wanawake waliojitegemea, na lugha yao ya mtaani ilikuwa Kiswahili. Walijenga nyumba za mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Manispaa haikuvipenda vijiji hivyo, kwa kuwa havikuwa chini ya mkono wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilipima eneo jipya ng'ambo ya Mto Nairobi na kuliita Pumwani. Wenyeji wakaliita Majengo, na jina hilo halijafutika. Mpango wake unastahili kuangaliwa kwa makini, maana ulirudi tena Nairobi nusu karne baadaye ukiwa na sura mpya. Manispaa ilitoa viwanja, watu wakajijengea nyumba kwa fedha zao. Maji na vyoo vilikuwa vya pamoja, chini ya manispaa. Mwenye nyumba alimiliki kuta na paa, lakini ardhi haikuwa yake, na ili kuteka maji au kwenda haja ilibidi atoke nje aende kwenye huduma ya wote.

Gharama za huduma hizo zilitoka kwa nani? Sehemu yake ilitoka kwa wakazi wenyewe, kwa njia ya pombe. Katika miaka ya 1920 manispaa ilichukua haki ya pekee ya kuuza pombe ya kienyeji na kufungua kilabu Pumwani, ikifuata mfano wa mji wa Durban wa Afrika Kusini. Faida iliingia katika mfuko maalumu wa mambo ya Waafrika. Mwanamke aliyepika pombe nyumbani alikamatwa. Aliyekunywa kwenye kilabu cha manispaa alichangia maendeleo ya mtaa bila kuulizwa.

Wanawake hao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa Majengo. Wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake waliokuwa wamefanya kazi mjini, wakaweka akiba na kujenga. Walipangisha vyumba, wakauza chakula na chai, wakawapa wageni wa mjini maji ya kuoga baada ya kazi. Mji uliopangwa kwa wanaume wasio na familia ulitegemea wanawake ambao mpango wenyewe haukutaka kuwaona, na kila debe la maji lililofika chumbani lilibebwa na mtu, mara nyingi na mmoja wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilijenga yenyewe kwa mara ya kwanza, na matokeo yakaonyesha jinsi ilivyomfikiria mpangaji wake. Kariokor ilianza kama mabweni, kwenye eneo lililobeba jina la kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps. Kilichopangishwa hapo ni nafasi ya kitanda. Wanaume hawakupenda kulala kama askari kambini, na baadaye mabweni yakagawanywa vijumba. Lakini kipimo cha kitanda hakikufutika. Kwa miongo kadhaa maofisa waliendelea kuhesabu nyumba za Waafrika kwa idadi ya vitanda, na vyoo na mifereji vikahesabiwa kwa kufuata vitanda hivyo.

Pangani, kijiji cha mwisho cha zamani, kilibomolewa mwaka 1939. Kwa ajili ya waliohamishwa, manispaa ilikuwa imejenga Shauri Moyo, safu za nyumba za mawe zinazofanana. Wapinzani wa uhamisho huo walijua wanachopoteza. Pangani walikuwa na nyumba zao, walizoweza kupangisha na kurithisha. Shauri Moyo nyumba zilikuwa za manispaa.

Vita Kuu ya Pili ilileta viwanda, na viwanda vikaleta watu. Ziwani na Starehe zilijengwa wakati huo, na kuanzia katikati ya miaka ya 1940 ikajengwa Kaloleni, mtaa ambao wenye kuupenda huuita Kalo. Kaloleni ilichorwa kwa mtindo wa bustani uliokuwa maarufu Uingereza: barabara zilizopinda, nyumba za chini zilizozungukwa na nyasi, shule, zahanati na ukumbi katikati. Safari hii familia zilifikiriwa. Hata hivyo vyoo na sehemu za kuoga na kufulia vilibaki vya pamoja. Bustani ilikuwa ya kisasa. Choo kilikuwa bado cha kambi.

Ila watu walipafanya pa pamoja pawe pa siasa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alitoa azimio la kudai uhuru wa Afrika Mashariki mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi. Wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na Nairobi ikaingia katika mgomo mkubwa. Huo ulikuwa mwaka ambao Nairobi ilipewa hadhi ya jiji, na wengi wa Eastlands hawakuona la kusherehekea.

Mwaka uliofuata kijana mmoja aliyeyajua mabomba na mifereji kwa kazi aliingia Baraza la Jiji. Tom Mboya alikuwa amesomea ukaguzi wa afya ya jamii katika Jeanes School, Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa kuwa mkaguzi wa usafi. Kazi hiyo ilimpeleka penye maji machafu, mitaro iliyoziba na maduka ya chakula. Alilipwa chini ya Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Katika kitabu chake *Freedom and After* alisimulia jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia ofisini akiwa na sampuli ya maziwa ya kupimwa, akamtazama Mboya aliyekuwa peke yake pale, kisha akauliza kama kuna mtu. Mboya aliwaunganisha wafanyakazi wa jiji katika chama, akapanda ngazi za vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1961 akashinda kiti cha Nairobi Mashariki. Mwanasiasa aliyeitikisa Nairobi alikuwa ameianza safari yake kwenye idara ya vyoo na maji, na si ajabu. Hakuna idara iliyomwonyesha Mwafrika kwa uwazi zaidi nafasi aliyotengewa.

Serikali ya kikoloni ilianza kubadili lugha yake. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 ulizungumzia ujirani wenye shule na masoko. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilisema wazi kwamba mshahara wa Mwafrika uliwekwa kwa kipimo cha mwanamume asiye na familia, na kwamba hauwezi kuzaa wafanyakazi wa kudumu wa mjini. Ikapendekeza mshahara wa kutosha familia. Kama mshahara ungekuwa wa familia, nyumba nayo ilipaswa kuwa ya familia, na bomba vilevile.

Mwaka huo huo, hata hivyo, Eastlands ilikuwa chini ya bunduki. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ili kuzima uasi dhidi ya ukoloni. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawachuja maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kwenye kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Bahati, mtaa uliokuwa mpya, ulizungushiwa seng'enge. Mitaa iliyojengwa miaka hiyo ilipewa majina ya viongozi Waafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari: Mbotela, kwa kumbukumbu ya Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952, na Ofafa, kwa kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Ofafa Maringo na Ofafa Jericho, pamoja na Jerusalem iliyofuata, zilikuwa hatua mbele, zikiwa na nyumba zilizomfikiria baba, mama na watoto.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, kipande kilikuwa kimekwisha na hakuna aliyehitaji ruhusa kukaa mjini. Watu wakaja. Maji nayo yalikuwa yakitafutwa mbali zaidi kila mara: Ruiru mwaka 1950, Sasumua kwenye milima ya Aberdare mwaka 1956, kisha Mto Chania, na mwaka 1994 bwawa la Ndakaini kwenye Mto Thika, linalobeba mita za ujazo milioni 70. Chanzo kilikua. Kilichobaki nyuma ni ule mkono wa mwisho, bomba la kutoka barabarani hadi mlangoni.

Miaka ya 1970 ilileta majibu mawili yaliyotofautiana, yakiwa jirani kabisa. Buruburu, iliyoanza mwaka 1973 kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji na shirika la fedha la Uingereza la CDC, ilikusudiwa watu wenye mishahara waliokopa na kununua nyumba. Katika awamu tano zikajengwa karibu nyumba 5,000, kila moja na jiko lake, choo chake na mfereji wake ndani. Kwa mtoto aliyezaliwa Shauri Moyo, kuhamia Buruburu kulimaanisha mlango wa choo unaofungwa kwa ndani na familia moja tu. Neno "maendeleo" mara chache limewahi kuwa na maana ya wazi kiasi hicho.

Jibu la pili lilikuwa Dandora. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya kwa mradi wa viwanja 6,000 vya watu wa kipato cha chini. Baadhi ya viwanja vilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 100, vingine hadi 160. Kwenye viwanja vingi mradi haukujenga nyumba. Ulijenga choo, bafu, na miunganisho ya maji safi na majitaka, kisha mwenye kiwanja akatakiwa kujenga vyumba vyake kidogokidogo, kadiri ya mfuko wake. Ulikuwa mpango wa Pumwani ulioboreshwa: mjenge wenyewe, sisi tutaleta huduma. Badiliko kubwa ni kwamba huduma iliingia ndani ya kiwanja. Kwa mara ya kwanza mkazi maskini wa Eastlands alipewa maji na choo kabla ya kuta, na ukweli ni kwamba ndiyo sehemu ya nyumba asiyoweza kujijengea peke yake.

Dandora ilifanikiwa kuliko wasemavyo wanaoijua kwa dampo lake tu. Familia zilijenga, zikasomesha, zikakaa. Lakini wenye viwanja walihitaji fedha za kujengea na kulipa mkopo, na njia ilikuwa moja, kupangisha. Vyumba viliongezeka, choo kikabaki kile kile. Huduma iliyopimwa kwa familia moja ikatumiwa na nne, tano, na zaidi. Umoja, iliyojengwa miaka hiyo hiyo kwa msaada wa Marekani, nayo ikapanda juu ghorofa baada ya ghorofa kinyume cha ramani yake. Hesabu ya mhandisi ilipitwa tena, safari hii na soko la nyumba.

Hivyo ndivyo ploti ilivyoshika Eastlands. Kayole, Huruma, Mathare, Kariobangi na Pipeline, anachopanga mtu ni chumba cha futi kumi kwa kumi, mlango ukitazama ua au korido, na mwisho wa korido kuna choo kimoja, bafu moja na mfereji mmoja unaofunguliwa kwa saa za msimamizi wa ploti. Kwenye choo kuna kufuli, na ufunguo huning'inia kwenye msumari. Kuna zamu ya kuosha. Kuna ugomvi juu ya zamu ya kuosha. Maji ya jiji huja kwa mgao, siku fulani za wiki, na siku hizo mitungi ya lita 20 hujazwa usiku kucha. Yasipokuja, mkokoteni hupita, na bei hupanda kadiri mitungi ya mtaa inavyokauka.

Bei hiyo ndiyo dhuluma kubwa ya mfumo mzima. Mwenye bomba nyumbani hulipa bei ya serikali. Mwenye mtungi hulipa bei ya mchuuzi, ambayo kwa lita ile ile ni kubwa mara nyingi zaidi. Mwaka 2015 Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, kwa kushirikiana na kampuni ya Grundfos ya Denmark, iliweka Mathare mashine za kuuzia maji kwa kadi, senti hamsini kwa mtungi wa lita 20, wakati wachuuzi walikuwa wakiuza kwa shilingi kadhaa. Nafuu ilikuwa kubwa pale zilipofanya kazi. Kwa mwenye kupima historia, ilikuwa pia huduma ya pamoja ile ile ya Pumwani, iliyowekewa kompyuta.

Kwa vyoo, mtaa wa mabanda wa Mukuru ulipata jaribio lake mwaka 2011, pale kampuni ya Sanergy ilipoanza kuweka vyoo vya Fresh Life, vyumba vidogo vya buluu visivyohitaji bomba la majitaka. Uchafu huingia kwenye vyombo vinavyofungwa, hukusanywa kwa mikokoteni na kupelekwa kutengenezwa mbolea. Ni kanuni ile ile ya choo cha mashua ya Uingereza, ambacho chombo chake hubebwa hadi kituo cha huduma kwenda kumwagwa. Mpangilio huu unafaa pale bomba haliwezi kufika. Hatari yake ni mamlaka kuridhika na kusahau kwamba bomba lilipaswa kufika.

Lipo tukio moja linaloonyesha jinsi maji na choo vinavyoweza kugeuzwa silaha. Julai 2010 wapangaji wa Muthurwa, kwenye zile nyumba za reli, waliona nyumba zikianza kubomolewa wao wakiwa bado ndani. Mali hiyo ilikuwa imekabidhiwa kwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Wapangaji kumi na wawili walikwenda Mahakama Kuu wakilalamikia ubomoaji huo na kukatiwa maji na huduma za usafi. Mwezi mmoja baadaye Kenya ilipata Katiba mpya, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha, na ya maji safi ya kutosha. Mwaka 2013 mahakama ilitoa hukumu kwamba namna ubomoaji ulivyofanywa ilikiuka haki hiyo ya makazi. Nyumba zilizojengwa kwa watu wa kupita zilikuwa zimekaliwa na vizazi, na sheria hatimaye ikakubali kuwatambua kuwa wakazi.

Kesi hiyo haijapoteza uzito wake, kwa kuwa Eastlands inabomolewa na kujengwa upya. Pangani, mtaa uliochukua jina la kile kijiji cha zamani, ulikuwa na nyumba za kanjo, yaani za Baraza la Jiji, zilizokaliwa na familia 48. Sasa pana maghorofa yenye makao zaidi ya 1,500. Mitaa mingine mikongwe iko kwenye orodha. Kila jengo jipya huahidi choo ndani na mfereji ndani, na hiyo ni ahadi ambayo Kariokor haikuwahi kupewa. Lakini mfereji ndani ya nyumba si maji. Mtaa uliokuwa na familia hamsini ukipata familia elfu moja na mia tano, bomba la barabarani, mtaro wa majitaka na mgao wa wiki lazima vihesabiwe upya kwa watu hao, tena kwa kudhani watazaa, watazeeka na watakaa.

Mukuru ilishaonyesha namna ya kuhesabu hivyo. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo la mpango maalumu, eneo lenye kaya zipatazo 100,000. Mashirika zaidi ya 40 na wakazi wenyewe walikaa vikao mtaa kwa mtaa kueleza barabara ipite wapi, maji yaingilie wapi, na mtaro wa majitaka ufuate njia gani bila kuvunja nyumba nyingi. Kwa mara ya kwanza ramani ya mabomba ya Eastlands ilianza na swali aliloulizwa mkazi.

Swali hilo liulizwe Kaloleni, Ziwani na Shauri Moyo kabla tingatinga halijafika. Wahandisi wa kaunti na wa mpango wa nyumba za bei nafuu waonyeshe hadharani hesabu ya maji na majitaka ya kila mradi, kwa lita na kwa idadi ya watu, kabla ya kuonyesha picha za ghorofa. Na wakazi wanaoitwa kwenye vikao vya kupokea maoni waanze na swali la bomba: ni la upana gani, litaleta maji siku ngapi kwa wiki, na limepimwa kwa watu wangapi.